Watu wa Nyota na Shuka la Lala Salama

Ninyi mlioniacha wiki jana nimekaa uani, nimeshika kingo nne za shuka ambalo katikati yake halipo, nashukuru mmerudi. Nimesikia wengine mlicheka. Chekeni tu. Mimi mwenyewe siku hizi nacheka, ingawa siku ile sikucheka.

Kwa aliyechelewa nitasema kwa ufupi. Mimi ni Scolastika, mkazi wa Mhunze, Kishapu. Nayasema haya ya mwaka 1982, pamba ikiwa imeshauzwa na watu wana nafasi. Kwanza upepo uliondoka na bati langu. Kisha nyuki wakahamia pale bati lilipoondoka. Kisha gari la sinema kutoka Mwanza likaegeshwa uani kwangu, na mbuzi wangu, ambaye jina lake ni Bahati, akala shuka jeupe la kuonyeshea sinema.

Alikula katikati. Kingo alituachia.

Dereva wa gari lile alikuwa Donatus. Mtu mwingine angeshika fimbo. Donatus alishika kopo, akampa mbuzi maji.

"Shuka linakausha koo, Bibi," akaniambia.

Sijamsahau kwa neno hilo.

Mwenye shida zaidi alikuwa Telesphori, kijana wa Ushirombo, mfasiri wa sinema. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya shuka na kipaza sauti, Wazungu wakisema huku, yeye anatueleza huku. Tangu mwaka uliotangulia alikuwa anataka kumwoa mjukuu wangu Mektilda, niliyemlea mwenyewe. Mektilda naye alimtaka. Aliyekuwa hajataka ni baba yake Mektilda, yaani mwanangu Mageni.

Jumamosi asubuhi Mageni akaja.

"Mwangaluka, mayu," akaniamkia Kisukuma, yaani habari za asubuhi, mama.

"Mwangaluka, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Yuko wapi huyo kijana wa kusemea watu?"

Telesphori akatoka nyuma ya gari, akaamkia shikamoo mpaka magoti yakakaribia chini. Mageni akaitikia marahaba kama mtu anayelipia.

"Kijana, leo jioni nitakuja kukusikiliza. Mtu akiweza kunieleza mambo ya watu nisiowajua, nikayaelewa mwanzo mpaka mwisho, huyo ataweza kuishi na binti yangu. Maana binti yangu hata mimi sijamwelewa bado. Nikielewa, lete wazee wako. Nisipoelewa, Kishapu usiikanyage tena."

Akaondoka. Telesphori akatazama zile kingo nne za shuka.

"Bibi," akasema polepole, "nitafasiri hewani?"

Nikaingia ndani. Kwenye sanduku langu kulikuwa na shuka moja jeupe, zito, ambalo nilikuwa nimelitarizi kwa ajili ya harusi ya Mektilda. Maua mekundu kwenye pembe, njiwa wawili wanatazamana, na katikati, kwa uzi wa buluu, herufi kubwa: LALA SALAMA.

"Bibi, hilo ni la harusi," Mektilda akasema.

"Pasipo sinema leo hakuna harusi."

Tulijaribu kuligeuza ili maneno yasionekane. Yakaonekana kinyume, na njiwa wakaota ndevu za nyuzi. Tukaligeuza tena, tukalifunga kwenye miti miwili uwanja wa mnada, tukamwachia Mungu.

Jioni giza lilipoingia tu, uwanja ulijaa. Mageni alikuja na kigoda chake, lakini alipomwona jirani yangu Zipora amesimama na mgongo wake mbovu, akampa kigoda, akakaa chini. Mwanangu ndivyo alivyo. Uso wake unakataa huku mkono wake unatoa.

Jenereta likanguruma, Donatus akaingia kwenye gari kulala. Alizoea hivyo. Jenereta kwake lilikuwa kama mama anayembembeleza.

Kwenye shuka likatokea anga jeusi lenye nyota nyingi, chombo kikubwa kinapita, na katikati ya nyota, wazi kabisa: LALA SALAMA.

Watu wakanyoosha shingo.

"Kumbe wenzetu nyota wameziandika," Zipora akasema.

Telesphori alisita kidogo, nikamwona. Kisha akasema kwenye kipaza sauti, "Ndugu zangu, hilo ni jina la chombo."

"Mbona Kiswahili?" mtu mmoja akauliza.

"Wanapita nchi nyingi."

Watu wakaridhika. Lakini ghafla anga likaondoka, tukaona kumbe lilikuwa ndani ya televisheni, na mbele yake wamekaa Wazungu wanne wamevaa nguo za kung'aa kama karatasi ya sigara, masikioni wamebandika bati.

"Hawa ndio watu wa nyota?" Zipora akauliza. Zipora akiwa na swali halali nalo.

"Hapana, Bibi Zipora. Hawa ni watu wanaopenda hadithi za watu wa nyota."

"Kwa hiyo wao hawajaenda huko."

"Hawajaenda."

"Na hawaendi."

"Hawaendi. Wanataka kusafiri kwa gari, wavuke nchi yao yote, wakamwone mzee anayetunga hadithi hizo."

"Yeye amekwenda."

"Hajaenda."

Zipora akafikiri.

"Sasa," akasema.

Uwanja mzima ulikuwa unafikiri vilevile. Mbele kabisa mtu akasimama, akajipangusa vumbi. Wawili wakamfuata. Kisha kumi. Kwetu Usukumani mtu hapigi kelele kama mchezo hautaki. Anajipangusa, anakwenda. Mageni akakunja mikono. Mektilda akanishika kidole, akakibana mpaka kikauma.

Telesphori akaona vumbi linapangushwa. Akavuta pumzi, nikaisikia kwenye spika.

"Jamani. Yule mzee ndiye manju wao."

Waliosimama wakasimama hivyohivyo, mguu mmoja mbele.

Kwa msomaji wa mbali: manju ni mtunzi na kiongozi wa ngoma. Kwetu ngoma zina pande mbili, Bagika na Bagalu, na mavuno yakiisha pande hizo hushindana uwanja mmoja, wakati mmoja, kila upande na manju wake. Hakuna mwamuzi. Watazamaji wenyewe huhama. Upande ulioachwa peke yake na vumbi umeshindwa. Watu humpenda manju wao mpaka wakamfuata kijiji kwa kijiji, wamevaa kama yeye, njuga miguuni, manyoya kichwani, shamba likiwasubiri.

"Manju," Mageni akarudia kwa sauti ndogo.

Waliosimama wakakaa.

Baada ya hapo hapakuwa na gumu tena. Nguo za kung'aa zilikuwa sare ya ngoma. Masikio ya bati yalikuwa dawa ya kuvuta watazamaji, ila waliweka mahali pasipofaa. Katikati likatokea gari jingine, la wale wanaopenda hadithi nyingine ya nyota, wakawatukana wenzao dirishani na kuwamwagia kinywaji. Uwanja wote ukaguna.

"Bagalu hao," Mageni akasema. Yeye ni Bagika wa kuzaliwa.

"Bagalu kwa nini? Wenye adabu ndio Bagalu," akajibiwa kutoka gizani. "Hao waliomwagiwa ndio sisi."

Ilibidi Telesphori asimamishe kufasiri, awaombe Bagika na Bagalu waachiane.

Na maoni yaliendelea. Walipobadilisha nguo mara ya tatu, mama mmoja akasema, "Vitambaa vyote hivyo, na sisi foleni ya kanga inazunguka duka la kijiji mara mbili." Walipotupa mkate nusu dirishani, uwanja mzima uliugua. Kisha ikaonekana kengele ya kanisa inalia, watu wanatoka ibadani, na gari lile linapita kasi, jua limeshapinda.

"Hiyo ni Jumapili," Zipora akasema. "Na saa nane imepita. Watakamatwa."

"Kwao hawakatazwi, Bibi Zipora."

"Petroli ya kuchezea. Wangekuwa hapa wangelala ndani."

Tulicheka wote, maana miaka ile ya uhaba wa petroli, kwetu gari lisilo na kibali halikuruhusiwa barabarani Jumapili baada ya saa nane. Naomba mkumbuke kwamba tulicheka.

Mahali pamoja gari lao linaharibika jangwani. Mmoja wao, mnene, anagundua sare ya mwenzake mdogo imenasa mtini, imechanika. Anakaa chini, anavua yake, anakata mkono wa nguo yake mwenyewe, anashona kiraka kwenye ya mwenzake. Telesphori hapo hakufasiri, maana hapakuwa na neno. Nikamtazama Mageni. Alikuwa anajifuta jicho.

"Vumbi," akaniambia.

Hapakuwa na upepo hata kidogo.

Mwishowe wakafika. Nyumba kubwa, lango la chuma. Wanne wale wakajipanga, wakanyoosha masikio ya bati, yule mnene akagonga. Lango likaanza kufunguka. Tukaona kidole cha mtu, halafu kiatu.

Halafu mwanga mweupe. Nyota hakuna, lango hakuna. Shuka langu tu, jeupe, linang'aa, njiwa wawili wanatazamana, na maneno LALA SALAMA.

Watu wa Kishapu wana adabu. Wakajua wameambiwa usiku mwema, wakainuka.

"Nanyi pia," wakajibu shuka, wakaanza kwenda nyumbani.

Mageni hakuinuka.

"Mwisho uko wapi?"

"Mkanda umekwisha, mzee," Telesphori akasema. "Lakini walifika. Manju akawapokea vizuri sana, akawapa chakula."

"Nimesikia. Sijaona."

"Ndivyo ilivyokuwa, mzee."

"Kesho baada ya misa nitakujibu," Mageni akasema. Akamsubiri Zipora ainuke kwanza, ndipo akachukua kigoda chake.

Jumapili misa ilipotoka, hakuna aliyezungumzia mahubiri. Padri alikuja mwenyewe kusikiliza.

"Mimi sikuipenda," akasema mwalimu wa kwaya. "Watu wazima wanne, hakuna hata mmoja aliyemuaga mke wake."

"Mimi nimeipenda," akasema Mama Epifania, muuza vitumbua. "Yule mnene ana roho. Ningekuwa na binti wa pili ningempa."

"Ile ndege yao ya Lala Salama ndiyo nzuri. Mbona waliionyesha mwanzo tu?"

"Uliionaje mwanzo tu? Ilikuwepo muda wote. Hata kwenye paji la uso la yule mnene."

Mimi nikatazama viatu vyangu.

Lakini jambo kubwa lilikuwa lango. Mama Epifania alisema yule manju aliwapokea, alimsikia mfasiri kwa masikio yake. Mwalimu wa kwaya alisema hapana, kiatu kile kilikuwa cha askari wa mlangoni, na askari wa mlangoni hapokei mtu. Wakabishana mpaka vitumbua vikapoa. Mwisho mtu akasema tufanye kama ngoma. Anayeamini walipokelewa aende upande wa mnazi wa padri. Anayeamini walifukuzwa aende upande wa kisima.

Watu wakaanza kuhama. Mektilda na Telesphori wakasimama upande wa mnazi, mbalimbali kidogo kwa heshima. Mama Epifania akawa wa mnazi, kisha akaona wateja wengi wako kisimani, akahamia kisimani na ndoo yake, akaendelea kuamini walipokelewa. Zipora akauliza kama anaweza kukaa katikati kwa ajili ya mgongo, akakubaliwa.

Upande wa mnazi ulikuwa unashinda. Mageni alikuwa bado hajachagua. Kila mtu alimtazama, maana mji mzima ulijua kilichokuwa mezani. Akainua mguu. Naapa mbele yenu, mguu ule ulielekea mnazini.

Hapo ndipo Mwanaima alipofika.

Mwanaima huja kila Jumapili kutoka Mwadui na baiskeli yake ya dagaa. Ni mwanamke mwema. Mwaka wa ukame alinipa dagaa bila kuniuliza. Kwa hiyo simlaumu, hata kidogo.

"Mnashindania nini?" akauliza.

Akaelezwa.

"Ah, ile sinema. Si ilikuja kwetu Mwadui juzi? Mwisho wake yule mnene anamwoa binti wa manju."

Watu wa mnazi na wa kisima wakamgeukia.

"Anamwoa?" mwalimu wa kwaya akauliza.

"Mfasiri alituambia. Tukapiga vigelegele. Lakini shemeji yangu wa Maganzo anabisha. Kwao Maganzo mfasiri aliwaambia manju alikuwa amekufa asubuhi ileile. Watu walilia, wengine wakachanga rambirambi."

Miguu ikaanza kuondoka mnazini. Haikwenda kisimani pia. Ilikwenda kumzunguka Telesphori.

"Kijana," Mageni akasema. Alikuwa ameshusha mguu wake palepale ulipokuwa. "Aliwapokea, alimwoza binti, au alikufa?"

Telesphori akatoa kofia.

"Sijui, mzee."

"Hujui."

"Mkanda wa mwisho haumo kwenye gari. Nilipoajiriwa nilikuta haumo. Kila mji unanidai mwisho, nami nawatazama watu, nawapa ule ninaoona watalala nao vizuri. Mwadui walikuwa na harusi. Maganzo walikuwa wametoka kuzika."

"Na sisi?"

"Ninyi nilikuwa nawaogopa."

Mtu akacheka. Mektilda alikuwa ametoka mnazini. Akasimama mbele yake.

"Na mimi, Telesphori? Uliyoniambia mimi yalikuwa ya kunilaza vizuri?"

Niliona uso wa yule kijana. Nimelea watoto saba, najua uso wa mwongo na uso wa mtu aliyeshikwa.

"Hapana," akasema. "Wewe sikuwahi kukufasiria. Nilisema tu."

Mektilda hakuondoka. Nilimtazama Mageni. Nikajua limekwisha. Nilianza kufikiri nani atalinunua shuka langu, maana la harusi bila harusi ni la kufunikia mahindi.

Lakini Mageni alikaa chini, pale vumbini, na kaptula zake za Jumapili.

"Nilikuwa kijana," akasema, "kabla ya kumwoa mama yake Mektilda. Tulimfuata manju mpaka Ushetu, kwa miguu. Mimi na wenzangu watatu. Tulikuwa na njuga, manyoya ya mbuni, sare moja. Yangu ikachanika njiani, rafiki yangu mmoja akakata yake akanishonea. Tulipofika mpakani mwa kijiji, ngoma inasikika kabisa, nikashikwa na homa. Wakanirudisha kwa machela. Wote watatu. Waliacha ngoma."

Nami ni mama yake. Nilimpokea kwenye machela ile nikamuuguza, lakini sikuwahi kusikia habari ya kiraka.

"Tangu hapo," Mageni akasema, "sijui manju yule aliimba nini Ushetu. Jana lango likaanza kufunguka, halafu mnaniambia nilale salama."

Hakuna aliyecheka. Padri alijifuta jicho. Kwake pia lilikuwa vumbi.

Mageni akamgeukia Telesphori.

"Umedanganya miji mitatu. Lakini ulipoulizwa mbele ya watu umesema hujui, na hilo sijalisikia kwa wakwe wengi. Mkanda uko wapi?"

"Geita. Kuna mchimbaji wa dhahabu anaitwa Otmar. Gari lilipokuwa kule kambini, aliuona mwisho ule, ukamgusa. Asubuhi wakakuta ameuchukua. Ukiombwa anasema ule ni wake, waje na mwingine. Inasemekana anaulalia kama mto."

"Donatus, wewe ulikuwepo. Uliuona?"

"Jenereta lilikuwa linawaka, mzee," Donatus akasema kwa aibu.

Mageni akainuka, akajipangusa.

"Tunaufuata. Gari si linarudi Mwanza? Kutoka Mwanza ni kuvuka kivuko tu. Utanionyesha mwisho, utanifasiria neno kwa neno, bila kuongeza hata kikombe cha chai. Nikielewa, lete wazee. Ukiongeza, au tukiukosa, basi. Mektilda atakuwepo asikie. Mayu atakuwepo kwa ajili ya Mektilda."

"Nani atamlinda Bahati?" nikauliza.

Watu wote wa Mhunze wakatazama pengine. Ndivyo mbuzi naye alivyoingia safarini.

Tungeondoka mapema. Lakini Mama Epifania akasema hatuwezi kwenda bila vitumbua, akaanza kukaanga vipya, na kwa wema wake hakuchukua kitu. Kisha Zipora akaniletea kitambaa cha kujifunika kifua kwenye kivuko, akaeleza jinsi ya kukifunga. Kisha tukamsubiri Mageni, aliyekwenda kubadilisha nguo.

Alirudi amevaa njuga miguuni na manyoya ya mbuni kichwani. Kiunoni sare ya zamani, imepauka. Ubavuni palikuwa na kiraka cha rangi nyingine.

"Mtu hamfuati manju na kaptula," akasema.

Hatukumbishia. Akapanda mbele, njuga zikalia kila gari liliporuka shimo. Nyuma tulikaa mimi, Mektilda na Telesphori, na projekta. Ili vumbi lisiiharibu, niliifunika kwa shuka langu la harusi. Mbuzi nilimfunga pembe ya mbali.

Njiani watu walitupungia. Watoto walikimbia pembeni wakidhani ngoma imeanza. Donatus aliimba. Mageni alianza kueleza wimbo wa Ushetu, ule alioukosa, jinsi anavyodhani uliendelea. Nilimwona Mektilda ameegemeza kichwa kidogo tu upande wa Telesphori, kiasi ambacho bibi anaweza kusema hakuona. Nikawaza, mikosi imeisha.

Tulipofika njia panda ya Maganzo, askari wa barabarani alisimama katikati ya barabara, ameinua mkono.

Donatus akafunga breki. Njuga zikalia, zikanyamaza.

Askari akaja dirishani. Alikuwa kijana, nadhifu, viatu vinang'aa katika vumbi lote lile. Akaamkia vizuri. Kisha akauliza, "Dereva, leo ni siku gani?"

Hapo nikamkumbuka Zipora kwenye kigoda.

"Jumapili, afande," Donatus akasema.

"Na saa?"

Donatus akatazama jua kana kwamba linaweza kurudi.

"Saa tisa, afande. Imepita kidogo."

"Kibali?"

Hakikuwepo. Askari akazunguka gari lote. Akatazama manyoya ya Mageni. Akanitazama mimi na kitambaa cha Zipora. Akamtazama mbuzi, mbuzi akamtazama.

"Wazee wangu. Petroli ya taifa, Jumapili alasiri. Mnakwenda wapi?"

"Geita," Mageni akasema. "Kuona kama walifika."

"Akina nani?"

Mageni akageuka polepole, manyoya yakafagia dari la gari.

"Telesphori," akasema. "Mfasirie."

"Mzee?"

"Mweleze. Mwanzo mpaka mwisho. Bila kuongeza."

Telesphori akashuka. Mektilda naye akashuka, akasimama karibu yake, safari hii bila kuacha nafasi. Askari akakunja mikono, vilevile kama Mageni alivyoikunja Jumamosi.

"Naanza hivi, afande," Telesphori akasema. "Kuna watu wanne. Hawajaenda nyotani."

"Na hawaendi," askari akasema.

"Hawaendi."

"Sasa," askari akasema. "Nawasikiliza. Lakini mimi si mgeni wa habari hiyo, mama yangu ni wa hapa Maganzo. Alichangia rambirambi ya mtu mmoja wa sinema. Nisipoelewa vizuri, ninyi nyote mtalala kituoni."

Nyuma yangu nikasikia kitu kinachanika, taratibu, kwa utulivu wa mtu anayekula nyumbani kwake. Kamba ya Bahati ilikuwa inaning'inia tupu kwenye pembe ya mbali.

Niligeuka. Njiwa mmoja alikuwa ameshakwenda. Juu ya projekta lilikuwa limebaki neno moja tu kwa uzi wa buluu, nalo lilikuwa LALA.